Kuwinda musi kwa gari la maji na nchi kavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayejiandaa kuingia ndani kabisa ya pori la Alaska, mbali na barabara, kwa mashine ya magurudumu 6 au 8 inayotembea nchi kavu na kuelea majini. Mengi yanafaa Kanada pia, ila huko sheria hubadilika kutoka jimbo moja hadi jingine, kwa hiyo soma za jimbo lako kwanza.

Musi ni mkubwa kiasi gani?

Ndiye mkubwa kuliko wote katika jamii ya kulungu. Dume la Alaska lililokomaa na kunenepa lina kilo 540 hadi 725. Aliyewahi kumwona pofu dume kule Tanzania anaujua uzito wa aina hiyo, ila musi ana miguu mirefu zaidi na anapenda kukaa kwenye matope hadi magotini. Dume kubwa hutoa kilo 225 hivi za mnofu, na paja moja la nyuma likiwa na mfupa wake hufika kilo 50 na kuzidi. Kilo hizo zishike vizuri, maana karibu kila jibu linalofuata linatokana nazo.

Mashine yenyewe ikoje?

Inayojulikana zaidi ni Argo, inayotengenezwa na kampuni ya Ontario Drive & Gear ya New Hamburg, Ontario, tangu mwaka 1967. Bodi yake ni plastiki nzito ya kipande kimoja kwa chini, na ekseli zinapita ndani yake. Matairi ni mapana, laini, yenye upepo mdogo sana. Magurudumu yote yanavuta, na hakuna gurudumu linalokata kona: ukitaka kwenda kushoto, breki inashika magurudumu ya kushoto na ya kulia yanaendelea kusukuma. Majini, kashata za matairi ndizo zinazopiga maji na kuisogeza.

Kuna nyingine, kama Sherp, yenye matairi manne yanayokaribia kimo cha mtu. Ni mashine ya nguvu, lakini kwa mwindaji wa kawaida uzito wake huleta shida ya kisheria ambayo imeelezwa hapo chini.

Kwa nini nisichukue tu pikipiki ya magurudumu manne?

Kama eneo lako lina njia kavu, chukua hiyo. Ina kasi na ni rahisi kuitengeneza. Mashine ya majini inalipa pale njia inapoishia kwenye kinamasi, au pale ziwa linapokutenga na bonde ambalo wengine hawafiki. Katika kinamasi pikipiki huzama hadi kwenye ekseli na kukaa hapo, wakati mashine ya magurudumu 8 imesambaza uzito wake juu ya majani na kupita polepole. Faida nyingine ni nafasi: musi mzima aliyekatwa vipande anaweza kutoka porini kwa safari moja au mbili, badala ya kubebwa mgongoni siku nzima.

Naweza kuzunguka nayo nikimtafuta musi?

Usifanye hivyo. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu safari yao. Musi ana masikio makubwa yanayogeuka kila upande, na sauti ya injini katika bonde tulivu inafika mbali. Dume likisikia injini kila asubuhi huhamia upande wa pili wa mlima, na wewe utabaki ukiona nyayo tu.

Itumie kama mpagazi. Ikufikishe kambini mchana, saa ambazo musi wamelala. Izime, iache kilomita moja au zaidi kutoka mahali unapotarajia kuwinda, kisha panda kwa miguu hadi kwenye mwinuko wenye kuona mbali na ukae na darubini. Alfajiri na jioni ndizo saa za kazi. Kuanzia katikati ya Septemba madume huanza kuitikia mwito: unaziba mikono mdomoni na kutoa mlio mrefu wa jike, au unakwaruza vichaka kwa mfupa mkavu wa bega, sauti inayofanana na dume jingine likisugua pembe zake. Baada ya hapo subiri. Dume linaweza kuja baada ya saa kadhaa, na wengine wameliona limesimama palepale walipoita jana yake.

Asiye na uvumilivu wa kukaa hatasaidiwa na mashine yoyote.

Nimpige akiwa umbali gani kutoka mashine ilipo?

Swali hili ni muhimu kuliko lile la umbali wa risasi. Kabla ya kulenga, jiulize mashine itafika wapi. Kipimo changu ni kilomita moja na nusu kwa miguu, na hiyo ni kama njia ni nzuri. Fanya hesabu: kilo 225 za mnofu, kilo 30 kwa mzigo, ni safari saba au nane kwenda na kurudi, na hapo hujahesabu mifupa wala pembe. Kwenye ardhi yenye vifundo vya majani vinavyoyumba chini ya mguu, kilomita moja na mzigo huo inaweza kukuchukua saa nzima.

Kwa hiyo siku ya kwanza usiwinde. Izungushe mashine, au tembea, ujue kinamasi kipi kinapitika, ukingo upi una mteremko mpole, na ziwa lipi lina mahali pa kutokea. Weka alama kwenye ramani ya GPS. Ukishajua hivyo, utaweza kumwacha dume zuri lililosimama mahali pabaya, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote katika uwindaji huu.

Je, musi akiwa amesimama majini?

Mwache atoke. Mnyama wa kilo 600 aliyeanguka kwenye maji ya kiunoni hageuziki, hachuniki vizuri, na nyama yake inalowa tope. Winchi inaweza kumburuta hadi ukingoni ikiwa ukingo upo karibu na ni mgumu, lakini usiitegemee. Akiwa anaogelea, sheria ya Alaska inakataza kumpiga kabisa.

Ukishampiga akiwa nchi kavu, usimkimbilie. Musi hapigi kelele wala haanguki mara moja. Ukimsukuma anaweza kuingia ziwani kufia huko. Kaa kimya, mtazame, na kuwa tayari kuongeza risasi.

Bunduki gani inafaa?

Bunduki ya kipimo cha .30-06 yenye risasi nzuri inatosha. Inayokufaa ni ile unayoijua vizuri.

Majini inakwenda kasi gani?

Kama mtu anayetembea: kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Kwenye ziwa tulivu inatosha. Upepo ukivuma kutoka mbele, inaweza kusimama pale pale matairi yakizunguka. Wanaovuka maziwa mara kwa mara hufunga injini ndogo ya boti kwa nyuma.

Basi naweza kuvuka mto nayo?

Mto unaopita polepole, unaouona mwanzo na mwisho wake, ndiyo. Mto wenye mkondo wa nguvu, hapana. Mito mikubwa inayotoka kwenye barafu za milimani, kama Susitna na Tanana, inakimbia kuliko mashine inavyoogelea, na maji yake yana vumbi la mawe kiasi kwamba huoni kina wala gogo lililozama. Magurudumu yakiachana na chini, wewe si dereva tena. Mto ndio unaoamua utashukia wapi, na mara nyingi ni kwenye magogo yaliyokwama kwenye kona. Vijito vya barafu ambavyo kina chake kinajulikana vivukwe asubuhi, maana siku ya jua maji huongezeka alasiri barafu inapoyeyuka.

Kuingia ni rahisi. Hatari kubwa iko kwenye kutoka. Pua ya mashine inagusa ukingo, matairi ya mbele yanashika tope na kuanza kupanda. Pua inapoinuka, sehemu ya nyuma inazama, na kama nyuma kuna mapaja mawili ya musi na galoni za petroli, mdomo wa bodi unakaribia usawa wa maji. Hapo dereva mgeni huongeza nguvu ya injini. Matairi yanachimba badala ya kupanda, pua inabaki juu, na maji yanaanza kumwagika ndani kutokea nyuma, kwanza kidogo, kisha kwa mkupuo. Dawa ni kuchagua mahali pa kutokea kabla hujaingia, penye mteremko mpole na changarawe. Kuukabili ukingo moja kwa moja bila kwenda mshazari. Na kusogeza mzigo mbele au katikati. Ukingo ukiwa mkali, mtu mmoja ashuke na kamba ya winchi aifunge juu kabla mashine haijaanza kupanda. Ikianza kukataa, rudi nyuma majini, tulia, tafuta pengine.

Nipakie kiasi gani?

Soma kibao cha mtengenezaji. Utakuta uzito wa nchi kavu na uzito wa majini, na wa majini ni mdogo. Argo za magurudumu 8 kwa kawaida hubeba watu sita nchi kavu lakini wanne tu majini. Musi mmoja, wawindaji wawili, kambi na mafuta vikipakiwa pamoja vinavuka mpaka huo kwa urahisi, kwa hiyo panga safari mbili ziwani hata kama jua linazama. Petroli nayo ina uzito wake, na pia ihesabu kwa saa badala ya kilomita: kinamasi kinakunywa mafuta huku umesogea kidogo tu.

Kabla ya kila maji, pitisha mkono kwenye vizibo vya chini uhakikishe vimekazwa, na washa pampu ya kutolea maji uisikie ikifanya kazi. Jioni zinazogandisha, maji yaliyobaki ndani ya bomba la pampu huwa barafu na kuliziba. Ndiyo maana pampu hujaribiwa kila asubuhi, hata kama jana ilikuwa nzima.

Nikianguka majini?

Jaketi la kuokolea maisha linavaliwa; likiwekwa chini ya kiti halina faida. Maji ya Septemba huko ni ya barafu. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyetafiti baridi kwa miaka mingi, anafundisha kanuni ya 1-10-1: dakika 1 ya kutawala pumzi inayokukimbia, dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Asiye na jaketi hafiki kwenye saa hiyo; anazama mikono inapokufa ganzi. Viberiti na nguo kavu moja viwe kwenye mfuko usiopenya maji, na kifaa cha kuomba msaada kwa setilaiti kiwe mfukoni mwako. Ukikiacha ndani ya mashine kitazama nayo.

Kuna haja ya minyororo ya raba juu ya matairi?

Kwa kinamasi kirefu na theluji, ndiyo. Ikivaliwa, mgandamizo kwenye ardhi unakuwa mdogo kuliko wa mguu wa mtu, na majini mashine husukumwa vizuri zaidi. Gharama yake ni uzito, ambao unapunguza mzigo wako, na kona zinakuwa nzito. Njia yako ikiwa na mawe mengi, iache minyororo hiyo.

Sheria zipi zinawakamata watu wengi?

Ya kwanza inawahusu wageni. Raia wa nchi nyingine asiye mkazi wa Marekani haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa Alaska bila kiongozi wa uwindaji mwenye leseni. Ndugu anayetoka Dar es Salaam au Mombasa kukutembelea hawezi kuchukua bunduki akakufuata hivi hivi. Anaweza kuja kama msaidizi wa kubeba nyama, na msaada huo ni mkubwa.

Pili, pembe. Katika maeneo mengi dume halali ni lile lenye upana wa pembe wa inchi 50, yaani sentimita 127, au lenye idadi fulani ya ncha za mbele upande mmoja. Kukadiria sentimita 127 kwa darubini ni ujuzi wa kujifunza kabla ya safari. Ukiwa na shaka, usifyatue.

Tatu, maeneo yaliyofungwa kwa magari. Alaska ina maeneo ambako kuwinda kwa chombo cha injini kumekatazwa au kuna miezi yake. Eneo la Yanert ni mojawapo. Kando ya barabara ya Dalton, kaskazini mwa mto Yukon, ukanda wa maili 5 kila upande umefungwa kwa bunduki na kwa magari ya porini katika uwindaji. Kando ya Denali Highway, ile ya kilomita 217 kutoka Paxson hadi Cantwell ambako mashine hizi huonekana nyingi kila Septemba, kuna eneo la mambo ya kale la Tangle Lakes. Humo unakaa kwenye njia zilizotengwa tu, kwa sababu udongo umehifadhi mabaki ya wawindaji wa miaka 10,000 iliyopita.

Nne, uzito. Kwenye ardhi ya jimbo, magari ya porini yasiyozidi pauni 1,500 yakiwa matupu, karibu kilo 680, huruhusiwa bila kibali maalumu mradi yasiharibu ardhi. Baadhi ya mashine za magurudumu 8 zinagusa mpaka huo, na Sherp imeuvuka mbali. Tano, vijito vya samaki: kupitisha gari kwenye kijito ambamo samoni hutaga kunahitaji kibali cha idara ya samaki na wanyamapori. Kwamba mashine yako inaelea hakuondoi sharti hilo pale magurudumu yanapokanyaga chini.

Na kamwe usitumie mashine kumfukuza au kumswaga mnyama. Zima injini, shuka, nenda kwa miguu. Bunduki isafiri bila risasi ndani.

Nyama nipakieje?

Mchune haraka. Ngozi ya musi ni nene na inatunza joto hata usiku wa baridi, na mahali pa kwanza kuoza ni ndani ya paja, kwenye kiungo cha nyonga. Fungua nyama hapo hadi mfupa uonekane, hewa iingie. Kila kipande kiingie kwenye mfuko wa kitambaa kinachopumua, kitundikwe au kilazwe juu ya fito mpaka nyama ikauke juu. Mifuko ya plastiki inapika nyama.

Kisha mashine yenyewe. Sakafu yake hukusanya maji, matope, grisi ya minyororo ya chuma inayozungusha ekseli na tone la petroli, na upande wa injini na ekzosi kuna joto. Nyama iliyotupwa chini na kuegemezwa kwenye kifuniko cha injini kwa saa nne inafika barabarani ikiwa vuguvugu na inanuka mafuta. Tandika fito au ubao ulioinuka, weka mapaja juu yake mbali na ekzosi, mabega juu ya mapaja, mbavu juu kabisa, halafu turubai lililofungwa kwa kuacha upenyo wa hewa.

Sheria inadai utoe nyama yote inayolika, pamoja na ya shingo na mbavu, na katika maeneo mengine iwe bado kwenye mfupa. Pembe hazitangulii: zinatoka na mzigo wa mwisho wa nyama au baada yake. Ni sheria nzuri. Mtu aliyeondoka na pembe na kuacha nyama ioze porini hastahili kuitwa mwindaji.

Kwa Mwislamu, nyama hii ni halali?

Musi ni mla majani, na wanazuoni wengi wa leo wanaruhusu windo la bunduki iwapo jina la Mwenyezi Mungu limetajwa wakati wa kufyatua. Ukimkuta bado ana uhai, mchinje. Kuna hadithi ya Adiy bin Hatim inayohusu hasa uwindaji huu: windo lililokutwa limezama majini lisiliwe, kwa kuwa hujui kama lililoliua ni mshale wako au maji. Ni sababu nyingine ya kumngoja musi atoke ziwani. Kwa undani muulize shehe wako.

Na dubu?

Sogeza nyama mita mia moja hivi kutoka kwenye matumbo, mahali peupe unapopaona kwa mbali, na ukirudi kuichukua piga kelele ukiwa bado mbali. Ukikuta dubu ameikalia, usimgombanie.

Ikikwama au ikiharibika?

Kukwama ni kawaida. Acha kuzungusha matairi mapema, kabla tumbo la bodi halijakaa kwenye tope, na tumia winchi. Tundrani, kwenye nyanda za baridi kali, hakuna mti wa kufungia kamba, kwa hiyo beba nanga ya kuchimbia ardhini. Tumia gia ndogo kwenye kila kinamasi na kila mteremko. Mkanda wa gia huungua unapolazimisha gia kubwa na mzigo mzito, na mkanda ulioungua ndio unaoacha mashine nyingi porini. Beba mkanda wa akiba na uwe umewahi kuubadilisha ukiwa nyumbani kwenye mwanga. Ongeza plagi, fyuzi, kiungo cha mnyororo, vifaa vya kuziba pancha na pampu ya mkono.

Inaharibu ardhi?

Inaweza, na vibaya. Chini ya tabaka la majani na kuvumwani kuna ardhi iliyoganda mwaka mzima. Tabaka hilo likichanwa, jua linafika chini, barafu inayeyuka, na alama ya tairi inakuwa mfereji. Kaskazini mwa Alaska bado zipo alama za magari ya watafuta mafuta wa miaka ya 1940. Mashine laini isiyogeuka ghafla haiachi mengi, lakini breki ya kukata kona ndiyo inayochana: kila kona kali upande mmoja unaburuta. Kata kona kwa upana, fuata njia iliyopo, na kinamasi kibichi kisichovukika bila kuchimba kiache. Wanaovuka wakichimba ndio wanaosababisha mabonde yafungwe kwa wote, na wenyeji wanaotegemea nyama hiyo kwa chakula cha msimu mzima ndio wanaoumia kwanza.

Ninunue au nikodi?

Mpya ya magurudumu 8 ni makumi ya maelfu ya dola. Kama utawinda msimu mmoja tu, kodi. Kuukuu unaponunua, chungulia chini ya sakafu: minyororo iliyolegea na yenye kutu inakuambia mwenyewe aliitunzaje. Zungusha kila gurudumu kwa mkono usikilize beringi.

Nikirudi nifanye nini?

Toa vizibo, iinamishe, mwaga maji yote. Osha damu na tope siku hiyohiyo. Ekseli zilizokaa majini zinahitaji grisi mpya hadi ile ya zamani, yenye rangi ya maziwa kwa kuchanganyika na maji, itoke yote. Minyororo ikaushwe na kupakwa mafuta, mkanda ukaguliwe kama umepasuka. Vizibo vifunge kwenye usukani kwa kamba, ili msimu ujao asiwepo wa kuishusha majini bila kuvirudisha.